Kabla hujaing'oa sensa ya joto ya pikipiki yako, soma hapa kwanza

Leo siasa naiweka pembeni kidogo, tuongelee chuma.

Hapa Mwanza kila kijiwe kina mtaalamu wake wa kukwambia "toa hiyo sensa bwana, inakusumbua bure". Kuanzia Igoma mpaka Kirumba, Nyakato mpaka Igogo, dawa ni ile ile: taa ya joto ikiwaka, ng'oa sensa, kata waya, maisha yaendelee. Mimi gereji nimekaa miaka ya kutosha kuona dawa hiyo inaishia wapi, ndo maana leo naandika.

Sisemi kwamba sensa haitolewi. Inatolewa, tena ni kazi ndogo. Lakini inatolewa injini ikiwa BARIDI, ili ipimwe au ibadilishwe, halafu inarudi au inawekwa mpya. Ukiitoa ili tu taa ikae kimya, umemfukuza mlinzi huku mwizi yuko ndani.

(Na kabla hamjaanza utani: ni sensa ya injini, si ile ya Agosti 2022 ya kuhesabu watu na makazi!)

Kwanza, chombo chako kinayo?

Swali la kijinga? Hapana. Bodaboda nyingi tunazopanda hapa mjini, hizi Boxer, TVS, SanLG na Haojue za cc 100 mpaka 150 zenye kabureta, hazina sensa ya joto kabisa. Zinapoozwa na upepo. Zile mbavu mbavu za chuma unazoziona kwenye injini ndiyo rejeta yake. Kwa hiyo fundi akikwambia boda ya namna hiyo inachemsha kwa sababu ya sensa, mwombe kwa heshima akuonyeshe hiyo sensa iko wapi. Utacheka.

Sensa utaikuta kwenye vyombo vya aina hizi:

1. Pikipiki na maguta ya matairi matatu yanayopoozwa kwa maji, yenye rejeta mbele au pembeni. Maguta ya mizigo ya cc 200 kwenda juu mengi ni ya namna hii, na ndiyo yanayobeba magunia ya dagaa kutoka mwaloni Kirumba.

2. Pikipiki kubwa za safari zenye rejeta.

3. Pikipiki mpya zisizo na kabureta, zile zinazopuliza mafuta kwa kompyuta. Hizi hata kama zinapoozwa na upepo huwa na sensa kwenye silinda au silinda hedi, maana kompyuta lazima ijue injini ni baridi au moto ndipo ipime mafuta.

Halafu kuna kitu kinawachanganya wengi. Kwenye chombo chenye rejeta unaweza kukuta vidude viwili vinavyofanana. Kimoja ni sensa, inayopeleka habari kwenye geji au kompyuta. Kingine ni swichi ya feni, kazi yake ni kuwasha feni maji yakifika joto fulani, kwa mashine nyingi ni kama nyuzi 95 mpaka 105. Swichi ya feni mara nyingi inakaa kwenye rejeta yenyewe, sensa inakaa kwenye injini karibu na mahali maji yanapotokea. Fuata waya kwanza ujue unashika kipi. Nimeona watu wakibadilisha sensa nzima nzima wakati aliyekufa ni swichi ya feni.

Kwa nini injini ya moto haiguswi

Shuleni tulifundishwa maji yanachemka kwa nyuzi 100. Hiyo ni kule usawa wa bahari, Dar na Tanga. Sisi huku Ziwa Victoria lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa inakandamiza kidogo. Sufuria lako la chai hapa Mwanza linachemka kwenye nyuzi kama 96 hivi.

Sasa ndani ya rejeta mambo ni tofauti. Angalia mfuniko wa rejeta, utakuta umeandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha ambayo mfuniko unaizuia. Maji yakifungiwa kwa presha hiyo hayachemki kwenye 96, yanaweza kufika karibu 120 yakiwa bado ni maji. Ni kama sufuria la presha la mama jikoni.

Hapo sasa ndipo watu wanapoungulia. Ukifungua mfuniko au ukifungua SENSA wakati maji yako kwenye nyuzi 110, presha inatoka ghafla na yale maji yanageuka mvuke papo hapo. Yanaruka usoni, kifuani, mikononi. Na tundu la sensa ni baya kuliko mfuniko, kwa sababu mfuniko una hatua ya kwanza ya kupumua, tundu la sensa halina. Linafunguka lote mara moja, na wewe umeinama usoni pake na spana mkononi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, ya pili na ya tatu ni moja: INJINI IPOE. Siyo dakika tano za kuvuta soda. Chombo kimetoka kupanda mlima na mzigo, kiache saa moja na nusu mpaka mbili. Shika paipu ya juu ya rejeta kwa mkono: kama huwezi kuikamata ukahesabu mpaka kumi, bado. Ibonyeze pia, ikiwa ngumu kama tairi ujue presha ipo bado.

Na usijaribu ujanja wa kumwagia maji ya ziwa ili ipoe haraka. Pale ufukweni vijana wanaoshea pikipiki, mtu anafika injini inawaka anapigwa ndoo ya maji baridi. Chuma cha moto kikipigwa baridi ghafla kinaweza kujipinda au kupasuka.

Kabla ya spana, angalia haya

Taa ya joto ikiwaka, mara nyingi sensa inasema KWELI. Chombo kikishapoa angalia kwanza:

- Maji ya rejeta yapo? Yako kati ya alama mbili kwenye kopo la akiba?
- Rejeta imeziba? Huku kwetu kuna vumbi, tope, na wale wadudu wadogo wanaopaa kama wingu la moshi juu ya ziwa. Wanaingia kwenye rejeta wanaganda, upepo haupiti. Osha taratibu kwa maji ya presha ndogo ukitokea upande wa nyuma.
- Feni inazunguka? Fyuzi yake nzima?
- Kiunganishi cha waya wa sensa kina kutu ya kijani? Unyevu wa ziwani haukosi lawama. Kisafishe, kibane vizuri, jaribu tena.

Usishangae pia mazingira. Mji wetu ni wa milima na mawe, mtu anapandisha mzigo Bugarika au Mabatini gia ya kwanza kutoka chini mpaka juu, upepo hakuna. Kwa wanaokwenda Sengerema, zamani foleni ya kivuko pale Kigongo ilikuwa inaipa injini mapumziko ya lazima. Tangu daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, unapita kilomita kama 3 juu ya maji bila kusimama. Jambo jema sana, ila mapumziko ya injini sasa ni juu yako mwenyewe.

Ukiona vyote hivyo viko sawa, na geji inapanda juu kabisa asubuhi injini ikiwa baridi kama jiwe, au haisogei kabisa hata baada ya nusu saa ya safari, hapo ndipo tunamshuku sensa. Haya, twende kazi.

Namna ya kuitoa

1. Simamisha chombo mahali tambarare, zima, toa ufunguo. Injini imepoa tayari, tumeelewana.

2. Fungua waya wa hasi wa betri, ule mweusi. Hutaki cheche wala kuichanganya kompyuta.

3. Weka kitambaa kizito juu ya mfuniko wa rejeta, geuza taratibu mpaka hatua ya kwanza, subiri, ukisikia hata "psss" ndogo acha kwanza. Kimya? Malizia.

4. Weka beseni safi chini, punguza maji mpaka yashuke chini ya usawa wa sensa. Maji ya rejeta yenye kulanti ni SUMU, tena yana utamu, mtoto au mbwa anaweza kuyanywa. Usiyaache chini wala usiyamwage mtaroni. Mitaro yetu inaingia Mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na ziwani ndiko tunakochota na kuvua. Kama ni masafi yachuje uyarudishe, kama ni machafu yaweke kwenye dumu lenye mfuniko na alama, uliache gereji pamoja na oili chafu.

5. Safisha pembeni ya sensa kwa brashi. Mchanga ukiingia kwenye tundu unakwenda kuzunguka na maji ndani ya injini.

6. Chomoa kiunganishi kwa kubonyeza kile kishikizo chake. USIVUTE WAYA. Waya ukikatikia ndani umejiongezea kazi nyingine.

7. Tumia boksi ndefu au spana ya ringi inayokaa sawasawa, nyingi ni namba 17 au 19. Spana ya mdomo inakula kona za nati, plaizi ndiyo kabisa usiilete. Zungusha kinyume cha saa, taratibu.

8. Ikigoma, puliza mafuta ya kulegeza kutu, ondoka, kanywe uji, rudi baada ya nusu saa. Usiongeze bomba kwenye spana. Sensa nyingi ni za shaba na silinda hedi ni ya aluminiamu, vyote laini. Ikikatikia ndani, acha hapo hapo, peleka kwa mtu wa mashine ya kuchonga vyuma. Nyundo na patasi vitakugharimu hedi nzima.

9. Ikitoka, ziba tundu kwa kitambaa safi, na itazame washa yake ya shaba au oringi. Usiipoteze, maana utainunua mpya kwa kufananisha.

Kwa zile pikipiki za upepo zenye kompyuta, hatua ni hizo hizo ila hakuna maji. Baadhi zinaweza kuvuja oili kidogo, andaa kitambaa. Na moto wa chuma ni ule ule, usidanganyike.

Kuipima kwa kikombe na barafu ya samaki

Watu wengi wanatupa sensa nzima kwa sababu hawajui kuipima. Kazi yake ni rahisi: ikiwa baridi inazuia umeme sana, ikipata moto inauachia. Unahitaji mita ya umeme tu, ile ya bei ya kawaida, iweke kwenye ohm.

Pima mara tatu. Kwanza ikiwa kwenye joto la kawaida la chumba. Kwa sensa nyingi za kompyuta utasoma kama ohm 2,000 mpaka 3,000. Pili, chukua kikombe, weka barafu iliyopondwa na maji kidogo (barafu ya samaki tunayo, hatuna shida), iache dakika tano. Hapo ni nyuzi sifuri, usomaji upande, kwa nyingi ni ohm 5,000 mpaka 6,000. Tatu, maji yanayochemka jikoni, ambayo nimeshakwambia kwa hapa kwetu ni kama nyuzi 96. Usomaji ushuke mpaka mia mbili na kitu. Zamisha kile kichwa cha shaba tu, sehemu ya kiunganishi ibaki juu.

Namba kamili zinatofautiana kampuni kwa kampuni, na sensa za geji tu zina namba zake, kwa hiyo kitabu cha chombo chako ndiyo mwamuzi. Lakini hata bila kitabu, mwelekeo unatosha kukupa jibu: baridi juu, moto chini, bila kurukaruka. Ikisoma namba ile ile kwenye barafu na kwenye maji ya moto, imekufa. Ikibadilika vizuri, sensa ni nzima, mgonjwa ni mwingine. Irudishe na uombe radhi.

Kuirudisha

Washa au oringi iwe mpya ikiwezekana. Anza kufunga kwa VIDOLE mpaka ikae yenyewe, ndipo umalizie na spana, kaza kiasi tu. Sensa ya waya mmoja hupata earth kupitia nyuzi zake zenyewe, hivyo ukiizungushia tepu nyeupe ya mabomba mizunguko kumi geji itasoma uongo, na utaanza kulaumu sensa mpya.

Jaza maji yaliyosafishwa na kulanti, siyo maji ya ziwa. Ya ziwa yana tope na mwani, na maji matupu yanaleta kutu. Jaza pole pole huku ukibonyeza paipu, hewa itoke. Rudisha waya wa betri, washa ikiwa bado baridi na mfuniko wazi, acha iungurume mpaka mapovu yaishe, uso wako uwe mbali. Ongeza maji, funga mfuniko. Zunguka mtaa mmoja, rudi, angalia kama inavuja. Ikipoa kabisa, angalia usawa wa maji tena.

Ukiamua kuendesha bila sensa

Kuna wanaokata waya, na kuna mafundi wanaoweka kile kidude cha kuzuia umeme ili geji isome katikati siku zote. Kwenye chombo cha kompyuta, ukikata waya kompyuta inadhani injini ina baridi kali au inachukua joto la kukisia. Mafuta yanamwagika mengi, moshi mweusi, plagi inaziba, na kwa baadhi feni haijui tena iwake saa ngapi.

Kwenye chombo cha geji tu, hutaona tofauti yoyote. Mpaka siku paipu inapasuka njiani. Chukua kijana mwenye guta la mkataba, kila jioni analeta hesabu kwa tajiri, amebakiza miezi minne liwe lake. Maji yanaisha katikati ya mlima, taa haipo ya kumwambia, anaendelea kukanyaga mafuta. Gasketi inaungua, hedi inajipinda, pistoni inakwama. Injini imenoki. Mkataba haujanoki, hesabu inaendelea kudaiwa. Na chanzo ni taa ambayo ingemwambia asimame dakika moja kabla.

Ukinunua chombo cha mtumba chenye taa ya joto, fungua ufunguo kabla ya kuwasha. Kwenye vingi taa hiyo huwaka sekunde chache kisha inazima. Isipowaka kabisa, muulize muuzaji taratibu: kulikoni?

Akiungua mtu

Mwagia maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20 nzima. Vua nguo iliyolowa na pete kabla mkono haujavimba, ila kilichogandia kwenye ngozi usikivute. Usipake dawa ya meno, yai, mafuta wala oili, na barafu usiweke juu ya kidonda. Kama ni usoni, mikononi, sehemu za siri, au malengelenge makubwa, funika kwa kitambaa safi mkimbize hospitali, Sekou Toure au Bugando. Jicho likipigwa na mvuke usisubiri mpaka kesho.

Ndiyo hivyo wadau. Mwenye boda ya kijiweni isiyojua intaneti, mpigie printi kurasa hizi hapo kafe umpelekee. Na mafundi mnaopita hapa, kama kuna aina ya guta ambalo sensa yake imejificha mahali pagumu, tuambieni kwenye maoni mnaifikiaje. Vijana wanasoma.

Safari njema, na injini ipoe kwanza.